Kati ya Wangapi

Watoto kumi na mmoja wanakohoa, nilisema kwenye simu ya upepo,
na daktari Otari, kule wilayani, hakuuliza majina.
Aliuliza: kati ya wangapi?

Sikujua. Nilikuwa nimehesabu vikohozi tu,
kama mtu ahesabuye mapengo asijue meno.
Basi nikavaa viatu vya theluji, nikabisha
hata nyumba zisizo na mgonjwa,
nikaandika wazima: Gvantsa, mzima. Mapacha wa Murzakan, wazima.
Bibi Pupi, si mtoto, lakini mzima, na amekasirika kuulizwa.
Kumi na mmoja juu ya mstari,
chini yake thelathini na wanne.
Hapo ndipo kikohozi kilipopata uzito.

Kifaduro hakipigi kelele siku kinapoingia.
Huatamia kwanza, kama kuku, siku saba, siku kumi,
na mwenye mayai kifuani hucheza, hubusu,
hulamba kijiko kimoja na dada yake.
Nikarudi nyuma kwenye kalenda ya ukutani,
kila mtoto nikampa nukta ya wino:
mbili wiki ya kwanza, nne ya pili, tano ya tatu.
Kilima. Nasi tulikuwa bado tunapanda.

Lakini kilianza wapi?
Barabara ya bondeni ilifungwa na theluji tangu Novemba.
Hapana mgeni, hapana barua.
Ugonjwa hauoti kwenye mawe ya minara yetu.
Mtu aliuleta, nikasema, kwa sauti ya polisi.
Nikamshuku Bekhan, aliyeshuka mjini kuuza ndama,
ila yeye alirudi Septemba; siku zilikataa.
Nilisikitika zilipokataa.

Usiku mmoja wa Januari nikachora kijiji nyuma ya karatasi ya dawa,
nikaunganisha nukta kwa penseli, tarehe kwa tarehe,
na mkono ukaijua njia kabla ya kichwa:
kinu, kanisa, kwa Tsiala, darajani.
Njia yangu ya Jumanne,
na mizani yangu begani, kupima watoto uzito.

Gari la mwisho kutoka mjini lilinileta mimi.
Nilikuwa na kikohozi kidogo. Mafua, nilisema.
Chanjo ya utotoni ilikwisha kulika kama soli,
na mtu mzima hunong'ona
ugonjwa ambao mtoto ataupigia mayowe.
Mficha maradhi, twajua kinachomuumbua.
Mimi sikuficha. Sikujiuliza tu.
Niliwahesabu wote, nikamruka mshika daftari.

Mstari wa juu kabisa nilikuwa nimeuacha wazi.
Nikaandika: Nanuli, miaka hamsini na miwili, muuguzi.
Kumi na wawili. Kati ya thelathini na watano.
Otari aliposikia alikaa kimya, kisha akaniuliza tarehe,
akaziandika.

Asubuhi, barakoa usoni, dawa mkobani, nilibisha kwa Tsiala.
Jansug wake, miezi saba, alikuwa akivuta pumzi
kwa ule mlio wa jogoo asiyekomaa.
Nikamweleza mama yake pale pale mlangoni, yote, bila kupunguza.
Theluji ilidondoka kutoka paani, bonge zima, hakugeuka.
"Ingia," akasema. Kisha: "Hapana. Iache hapo kizingitini."

Nikaiacha.
Nikasimama uani, hatua sita kutoka mlango,
nikihesabu kimya kilichopo
kati ya kikohozi na kikohozi.