Saa Kumi na Mbili na Robo

Kitabu ni kimoja, sisi tuko saba,
kwa hiyo Nsimire alikipasua mgongo
na kila mmoja akaenda nyumbani na kurasa zake.
Mimi nilipata za katikati, zisizo na mwanzo:
mwanamke anabisha mlango wa chumba cha habari,
mlinzi anamwuliza amemletea nani chakula.

Alhamisi, Kadutu, nyuma ya cherehani za Cibalonza,
tunaunga kisa kama vipande vya kitenge.
Walimpa mapishi. Walimpa hali ya hewa.
Safari ya mgodini wakampa kijana aliyeajiriwa jana,
eti njiani hakuna choo cha wanawake.
Tunacheka, kisha hatucheki.

Mama Godelive anachambua maharage. Hajasoma chochote,
miwani yake ilivunjika tangu Pasaka.
Anasema, “Mimi nilisoma vifo redioni, miaka kumi na mmoja.
Saa kumi na mbili na robo.
Mji mzima ulinyamaza, matonge mikononi.
Jina lililotajwa mwishoni lilikuwa la Bwana Antoine,
aliyekuwa akiniwashia taa.”

Umeme unakatika, Kadutu ni Kadutu.
Gizani anakohoa, kiti kinalia, ananyoosha mgongo,
kisha sauti tusiyoijua, nyoofu, isiyo na haraka:
“Familia ya marehemu Birindwa, wa Nguba, inasikitika kutangaza…”
Majina ishirini, mitaa, saa za mazishi,
bila karatasi.

Anafika pale palipokuwa pa Antoine
na kunyamaza.
Punje ya haragwe inadondoka sakafuni.
Hakuna anayeinuka kutafuta mshumaa.