Kipindi cha Uji

Mimi sikusomea ualimu. Nimesomea sufuria,
jiko la shule ya msingi, huku Makorora,
na mwiko unaonizidi kimo kwa shibiri moja.
Lakini dirisha langu linatazamana na la pili B,
na uji ukishaanza kutokota
mkono hukoroga wenyewe, macho huenda yatakako.

Ndipo nikamwona Mwalimu Zaina Mntambo
akiandika ba be bi bo bu kwa mkono wa kulia,
wa kushoto umeshika ukuta.
Watoto mia moja na kumi na wanne:
niliwahesabu kwa vikombe.

Kitabu bado hawajajua kukisoma,
ila mwalimu wanamsoma, tena bila kusitasita.
Akiingia mtandio umekwenda kombo, wanajua.
Akivuta pumzi kabla ya kusema "kaeni", wanajua.
Siku ile Mbwana aligeuza herufi, b ikawa d,
akalikalia daftari
kabla hajaulizwa na mtu.

Usiku yuko Bombo, mama mkwe kalazwa.
Asubuhi, madaftari.
Mshahara, tarehe kumi umeshakuwa hadithi.
Watu wanasema ualimu ni wito.
Haya. Mimi uji ukishika chini
siugombezi.
Napunguza kuni.

Alhamisi nikaenda ofisini, moshi wangu umetangulia.
"Kipindi kimoja tu, Mwalimu Mkuu. Mwache akalale."
Shekalaghe akaitazama ratiba ukutani
kama mtu anayetafuta chenji mfuko uliotoboka.
Walimu saba, madarasa kumi na moja.
Ni Hozza wa hesabu aliyenyanyuka,
Hozza ambaye hatusemezani tangu ugomvi wa sukari,
akawachukua pili B, akawabananisha na wake.

Zaina alilala stoo, juu ya magunia ya unga,
viatu kavua, kimoja kimepinduka.
Dakika arobaini. Mimi mlangoni na mwiko.
Kengele ilipogongwa
nilitamani kuikaba koo.

Hakurudi malaika.
Alirudi na chapa ya gunia shavuni,
watoto wakacheka, naye akacheka,
sauti bado ya kukwaruza.
Kisha akaenda mpaka dawati la nyuma,
akachuchumaa:
"Mbwana, hebu nitolee huyo uliyemkalia."
Daftari likatoka, limejikunja, lina joto.
Wakaigeuza d pamoja, polepole,
kama wanaogeuza chapati.

Siku hizi kwenye ratiba kila mwalimu
ana kisanduku kimoja kwa wino mwekundu: UJI.
Wiki nyingine kinatimia, nyingine hakitimii.
Mshahara uko palepale.
Mama mkwe tulimzika Pongwe, mwezi wa nne,
na Hozza ndiye aliyebeba koleo.

Jana Kidawa wa pili B kanijia na kikombe kitupu.
Ameichungulia ratiba, sasa anajua kusoma:
"Sisi somo la uji tutaanza lini?"
Nikamwambia, kaulize walimu.
Mimi nakoroga tu.