Kofia ya Gego

Mimi chuma nakijua. Mwaka wa kumi na nane huu
nachomelea mageti hapa Chang'ombe,
na upepo wa Dodoma ukishaanza kusugua na vumbi lake
najua rangi itabanduka wapi kwanza.
Kwa hiyo nilimwambia daktari: usiseme hakili kutu.
Sema kinakula polepole kiasi gani.

Nyemo alikuwa amefumbua kinywa, miaka sita,
gego la chini limemeguka kama ukingo wa korongo.
Akamvika kofia inayong'aa kuliko sufuria ya harusi,
akasema, "Ng'ata."
Akang'ata, nikasikia spana.

Daktari Ndahani hakunicheka.
Alivuta kiti, akahesabu kwa vidole:
chuma, kromu, nikeli.
"Vinatoka," alisema, "chembe zisizoonekana,
mate yanazilamba, hasa siku za mwanzo,
kisha panatulia.
Ni kidogo. Fizi zikivimba, akiwashwa, mlete."

Kidogo.
Neno hilo nililipakia kwenye baiskeli
mpaka nyumbani.

Sasa nasimama mlangoni, mlinzi asiye na kirungu,
namtazama anavyotafuna zabibu changa za Hombolo,
zile za kukunja uso.
Nati iliyoganda mimi huilowesha kwenye ndimu;
kunapambazuka, imelegea.
Nifanyeje, nimnyang'anye mtoto zabibu?
Jino lile bovu lilimkesha usiku tisa,
na wa tisa akaniuliza, kwa adabu kabisa,
kama kichwa nacho kinaweza kung'olewa.

Mama Nyemo ananisikiliza, anapepeta mtama.
"Nikeli, nikeli," anasema.
"Na huo moshi unaoumeza kutwa nzima,
unaokutoa kikohozi cheusi,
nani amekupimia?"
Ungo unaendelea. Shh, shh.
Sikuwa na jibu. Nilikwenda kufagia karakana.

Gego litang'oka lenyewe, darasa la tano hivi,
pamoja na kofia yake.
Atalirusha juu ya bati kama tulivyorusha yetu,
aombe jipya,
nami nitakuwa chini nimetega sikio:
chuma juu ya chuma, mlio mmoja mdogo.
Watoto wakishaondoka nitaegemeza ngazi,
nipande,
niitafute kofia ile,
niigeuze kwenye jua nione
imelika wapi.