Hizo za Jiwe

Barua imekuja, mkurugenzi kaiacha mezani pangu:
mfadhili anauliza, katika kila shilingi mia
ngapi zinafika kwenye ndoo.
Nijaze kabla ya Ijumaa. Kisanduku ni kimoja,
kidogo kama dirisha la choo.

Mimi Nehemia Chidumizi, mhasibu, ofisi ya Nkuhungu,
feni inazungusha vumbi lile lile tangu Julai.
Naandika sabini na mbili.
Nafuta.

Maana mia ilitoka Dodoma alfajiri ikiwa nzima.
Benki ikaimega. Kituo cha mafuta kikaimega.
Karibu na Kigwe tairi likapasuka, likaimega,
na dereva Ndahani, aliyelala chini ya gari
usiku kucha akilinda mabomba,
naye ana watoto, naye akala.
Nimwandike wapi Ndahani?
Safu inasema: uendeshaji.
Kana kwamba mabomba yalitembea.

Sijitetei. Risiti ninazo.
Ile semina ya siku tatu kuhusu uhaba wa maji,
hoteli yenye bwawa la kuogelea,
chupa mia nne, nusu zimefunguliwa na kuachwa,
bango lenye picha ya mtoto akichota tope,
na posho, na posho ya waliokuja kugawa posho.
Nilisaini na mimi. Mstari wa kumi na tisa.
Nikamnunulia mama mkwe kitenge, kizuri,
hakijapauka hadi leo.
Kila Jumapili namwona anaingia kanisani
amejifunga kisima kiunoni.

Lakini wapo na wale wa ng'ambo ya korongo
walioandika kwenye tangi, rangi ya buluu: MIA KWA MIA.
Hawakulipa fundi. Hawakulipa mlinzi. Ofisi hawakuwa nayo.
Fedha yote ikashuka ardhini mita themanini,
maji yakaruka, vigelegele, picha zikapigwa.
Mwezi wa tano mpira wa pampu ukachakaa,
mpira mmoja, wa shilingi elfu sita,
na hapakuwa na mtu wa kumpigia simu.
Leo mbuzi wanajikuna kwenye lile tangi.
Limebaki MIA KWA.

Jumanne nilikwenda mwenyewe, kuhakiki.
Nikakutana na Sechelela akitoka mchangani,
ndoo ya lita ishirini kichwani,
juu ya maji vijitawi viwili vya mkwaju, yasirukeruke.
Nikamuuliza kimhasibu:
Ulichota ngapi, zimebaki ngapi?
Akacheka mpaka majani yakatikisika.

"Kanywa huyu," akaonyesha mgongoni kwa kidevu.
"Kanywa mzee Lechipya, nimemkuta anapalilia uwele
peke yake, midomo imempasuka.
Nyingine zimenimwagikia shingoni. Jua hili!
Hizo sizidai.
Ila pale chini nimejikwaa kwenye jiwe,
jiwe lile lile la kila siku, nalijua.
Hizo za jiwe ndizo zinazoniuma."

Akaenda zake. Sikumuuliza asilimia.

Sasa ni Alhamisi, saa nne usiku, umeme umerudi.
Fomu nimeigeuza, naandika nyuma kwa penseli:
mtoto, Lechipya, shingo, jiwe.
Ndahani nimemweka kwa Lechipya.
Fundi wa pampu, anayepanda pikipiki kila mwezi
na spana zake ndani ya soksi, naye huko huko.
Kalamu ya mkaguzi, hata kodi ya chumba hiki, nimesita,
nikaziweka shingoni.
Chini ya jiwe nimeandika bwawa, bango, zile chupa.
Kisha mstari wa kumi na tisa, na jina langu lote,
na bei ya kitenge.

Mbele ya karatasi kisanduku bado kitupu.

Simu inalia. Ndahani, yuko Bahi:
bosi, hata tairi la akiba limekwisha,
ninunue au nisubiri kibali?
Nunua, namwambia.
Uje na risiti.