Mchora Nyasi

Nyasi zote ni zangu.
Mazimwi ni ya Bi Kuramochi, na mapanga, na macho ya Nagi
yenye nyota tatu tatu ndani;
lakini nyasi, tangu juzuu ya pili,
na mvua, na moshi, na mawe ya njiani
ambayo hakuna anayeyakanyaga mara mbili,
hayo aliniachia mimi.

Miaka kumi na tisa, juu ya duka la tofu, Hachioji.
Alfajiri mvuke wa soya ulipenya sakafu
ukazikunja karatasi pembeni.
Tulilala chini ya meza, kwa zamu.
Bwana Arimura wa jarida akipiga simu
tulimwambia wino haujakauka,
hata siku ambazo kalamu haijachovywa.

Hadithi mnaijua, au mtoto wenu anaijua:
msichana kabeba daraja mgongoni,
limeviringwa kama mkeka,
anatafuta mto unaolistahili.
Kila mto una zimwi linalodai ushuru.
Kila zimwi lina sababu zake.

Usiku mmoja, juzuu ya tisa, zimebaki kurasa nane,
kifundo cha mkono wangu kikaumuka kama andazi.
Nikahamishia kalamu kushoto.
Sikumwambia mtu.
Mkono wa kushoto hauna adabu,
huvuta pale wa kulia unaposukuma:
nywele za Nagi zikapepea kulia, alivyozichora mwenyewe,
na nyasi zangu, bonde zima,
zikalala kushoto.

Tuliona jarida likishatoka kiwandani.
Bi Kuramochi alitazama, akanyamaza,
akamenya chenza.

Barua zikaja. Nilizifungua
kama mtu anayefungua hesabu ya hospitali.
Mwanafunzi wa Morioka: upepo umekosewa.
Dereva wa lori hakuona kitu,
anaomba tu zimwi la mto wa sita lisife.
Halafu bahasha ya Yatsushiro, inanuka tope.
Bi Hizume Sayo analima igusa,
unyasi ule unaosukwa mikeka ya tatami.
Ameandika kwa penseli:

“Nyasi nazijua, hazina uongo.
Vitabu vyetu husomwa kutoka kulia kwenda kushoto;
basi nywele za mtoto zinavutwa na kurasa alizokwisha zipita,
na nyasi zinaelekea kule asikofika.
Nchi hiyo ina pepo mbili.
Mume wangu alipofariki nilisimama shambani,
nikazisikia zote.
Mwambieni aliyechora: asante kwa kujua.”

Sikujua.
Hilo ndilo lililonichoma.

Bi Kuramochi alicheka hadi akapaliwa,
akavuta karatasi mpya,
na kwenye juzuu ya kumi pepo mbili zikapata majina,
mazimwi yakaziogopa,
watoto wa Sapporo wakafunga tepe mbili kwenye mikoba.
Uvimbe wangu ukawa jiografia.

Mwaka huu hadithi imekwisha.
Ukurasa wa mwisho kabisa alinipa mtupu.
“Nagi yuko wapi?”
“Ameshavuka. Weka nyasi tu.”
“Zilale upande gani?”
Alikuwa anaosha kalamu zake, moja moja. Hakugeuka.
Nilikaa nao siku nne, ule weupe.
Sitasema nilitumia mkono gani.

Jumatatu, treni ya saa moja asubuhi,
binti wa sare ya shule kaegemea mlango,
anakaribia mwisho. Ninahesabu naye: nne, tatu, mbili.
Anafika kwenye nyasi.
Hafungui ukurasa mwingine; hakuna.
Kituo kinapita, huenda kilikuwa chake.
Kichwa chake kinaanza kuinama,
polepole, kama jani,
nami nimenyoosha shingo nione ni upande gani,
mara treni inakata kona,
na sote, tulioketi na tuliosimama,
tunalala pamoja.