Mchicha wa Selika

Selika ya Mihayo, nyekundu, tumbo chini kama paka awindaye,
ilifika Kiloleni mwezi wa nane
na vumbi lote la Sikonge kiooni.
"Asubuhi najaza maji ya waipa," alisema,
"jioni tenki halina hata kumbukumbu."

Nikalala chini ya bampa, mgongo kwenye gunia.
Nilikuwa nimemimina bluu ya kufulia. Nikangoja.
Pampu nzima. Mpira mzima.
Ila pale pampu inapoingia tenkini
raba imepasuka kama kisigino,
na tone la bluu likachungulia, likanidondokea kopeni.

Nilichonga raba nyingine kutoka ndala ya mke wangu.
Ataiulizia; nitajua la kusema.
Mihayo akabonyeza, maji yakaruka mpaka paani,
akacheka kama aliyemwagiwa yeye.

Siku ya tisa akarudi. Hana hasira, ana jambo.
Pale anapolaza gari, kando ya ukuta,
mchicha ulikuwa umeota, mashina manne, kiangazi hiki hiki,
na mama yake akiuchuma
bila kuuliza mvua inatoka wapi.
Sasa umenyauka.

Spana ya hilo sina.
Nikachukua kopo la maziwa,
nikalitoboa kwa msumari, tundu moja tu,
nikampa.