Hatua ya Thelathini na Moja

Tukuyu, mvua ya tatu leo, bati linaongea peke yake.
Kwenye kompyuta ya Ambokile mabingwa wawili
wanarudia mchezo walioumaliza juzi, ng'ambo huko.

Hatua ya thelathini na moja farasi aliruka.
Tulipiga meza, chai ikamwagika.
"Kaua!"
Injini haikushtuka. Alama nyekundu: kosa.
Farasi, inasema, alipaswa kurudi zizini.

Majuto ni mjukuu, tuliambiwa;
hapa mjukuu kafika
babu hajaachia kete mkononi.

Naiuliza: uliuona mkono ukitetemeka?
Saa ya nne, zimebaki sekunde tisa?
Inanijibu kwa namba. Hasi mbili nukta sita.

Ambokile anacheka. Tuingize na wetu, anasema,
ule wa Jumapili, nilipomtoa malkia nikidhani nategea.
Nakataa.
Ule ubaki kwetu,
na ubao wa mninga ambao ngome yake moja ni kizibo cha soda.

Chaji asilimia nne.
Namrudisha farasi zizini, kama nilivyoelekezwa.
Ni kweli, mweupe hashindwi tena.
Ni kweli, na hakuna aliyepiga meza.

Namtoa. Aruke.